Maswali yenu: Mbunge wa jimbo, lakini jimbo lipi?

Wiki hizi karibu barua zote ni za mtu mmoja, Zohran Mamdani, yule kijana aliyezaliwa hapa Kampala Oktoba 18, 1991 na sasa ni meya wa New York. Nilidhani mtaniuliza umeya, kumbe wengi mmeng'ang'ania ile kazi yake ya kabla, ya utunga sheria wa jimbo. Haya, twende nayo. Barua nimezifupisha maana wengine mnaandika kama mnaandika wosia.

*Salaam aleikum mzee. Mimi mwalimu mstaafu, niko Bombo. Pale kwenye kibanda cha chai tumegombana wiki nzima. Mwenzangu anasema Mamdani kabla ya umeya alikuwa mbunge wa jimbo tu kama huyu wetu, mimi nasema hapana, alikuwa Bunge kubwa la Washington kabisa, bila hivo angejulikanaje dunia nzima? Tumewekeana rolex mbili (chapati za mayai) na soda. Tuamulie.*

Aleikum salaam mwalimu. Mmekosa wote wawili, na kosa sio lenu, ni la neno lenyewe.

Sisi tukisema jimbo tunamaanisha eneo la uchaguzi, kule mbunge anakokuja kila miaka mitano na sabuni na chumvi. Lakini redio ikisema jimbo la Texas, jimbo la New York, hapo jimbo ni kitu kingine, ni kama kanchi kadogo ndani ya nchi, kana gavana wake na katiba yake na mahakama zake na bunge lake. Marekani wako na majimbo 50 kwa hiyo wako na mabunge 50, ukiacha lile la Washington ambalo Mamdani hajawahi kukalia kiti chake hata siku moja. Sasa yeye alikuwa mbunge wa jimbo kwa maana zote mbili: alichaguliwa na jimbo la uchaguzi namba 36, mtaa wa Astoria kule Queens, sehemu ya mji wa New York, aende kukaa kwenye bunge la jimbo la New York. Unaona neno linavyotuchezea.

Na bunge lenyewe halikai New York mjini. Liko Albany, mji mdogo kaskazini, treni inakuchukua kama saa mbili na nusu hivi ikifuatana na mto Hudson. Liko na nyumba mbili, Seneti ya viti 63 na Asembli ya viti 150, yeye alikuwa Asembli. Wote wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, miwili mwalimu, siyo mitano, yaani hujamaliza deni la mabango ya kampeni unaanza kuchapisha mengine. Vikao vinaanza Januari vinaenda mpaka Juni, baada ya hapo mbunge anarudi kwa watu wake.

Nimetafuta mfano wa hapa kwetu nimekosa. Baraza la LC5, yaani la wilaya, ni dogo mno, Lukiiko ya Mengo, bunge la Buganda, watu wa federo wanaotaka serikali za majimbo wangetaka ifike huko lakini sheria za nchi haitungi, na EALA ya Arusha, bunge la Afrika Mashariki, iko juu ya nchi wakati hii iko chini ya nchi. Labda chukua LC5 yako, ipe uwezo wa kuandika sheria za wezi na wauaji, kodi ya mapato, shule, leseni za udereva, pango la nyumba, mabasi, alafu ndo utakaribia. Kwa hiyo unaposikia Mmarekani anasema kazi hii ni ndogo usimwamini sana, mambo yanayomgusa mtu kila asubuhi mengi yanapitia huko, siyo Washington.

Rolex? Mwenzako amekaribia kuliko wewe. Lipa mwalimu.

*Mzee habari, mimi mama wa mivumba (nguo za mitumba) hapa Busia mpakani. Wabunge wetu wakiapa tu hata kiti hakijapata joto wanapewa hela za gari. Huyo wa Amerika alikuwa analipwa ngapi, na mbona nasikia alikuwa anapanda basi kama sisi?*

Mama, hela nzuri tu alipata. Alipoingia Januari 2021 mshahara ulikuwa dola 110,000 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2023 wakajipandishia hadi 142,000, hakuna jimbo lingine Marekani linalolipa hivo. Ukipiga kwa shilingi 3,600 kwa dola ni zaidi ya milioni 40 za kwetu kila mwezi kabla ya kodi, na posho ya kulala ukiwa Albany iko pembeni. Hela ya gari ya mkupuo ile ya milioni 200 waliyopewa wetu mwaka 2021, hiyo hakuna.

Lakini usiishie hapo. Nyumba yake ya kupanga Astoria ilikuwa dola 2,300 kwa mwezi, hizo ni milioni nane na kitu, na ni nyumba ambayo serikali inadhibiti pango lisipande ovyo, yaani hiyo ndo bei ya huruma! Kwenye kampeni ya umeya wapinzani walimwandama nayo sana, wakasema mtu wa mshahara kama ule anabanaje nyumba ambayo ingefaa masikini. Kiukweli swali halikuwa baya. Basi alilipanda kweli, na treni ya chini ya ardhi, ila New York kupanda basi sio unyenyekevu mama, ni kwamba ukienda na gari hutapata pa kuliweka.

Alafu jua kwamba New York ndo ya juu kabisa. Kuna jimbo linaitwa New Hampshire, baraza lake la chini lina wabunge 400, mia nne jamani kwa kajimbo kadogo vile, na kila mmoja analipwa dola 100. Kwa mwaka. Haijapanda toka 1889. Texas ni dola 600 kwa mwezi na bunge linakutana siku 140 tu kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo huko utakuta mbunge ni mstaafu, au wakili, au mtu mwenye ng'ombe zake, anayeweza kuacha kazi miezi kadhaa bila kufa njaa. Wewe na mivumba yako ungeacha nani sokoni? Hapo ndo naona ubaya wa mshahara mdogo, watu wanaushangilia lakini unafunga mlango kwa mtu wa kawaida kama wewe.

*Mimi wa boda hapa Jinja, steji ya soko. Kuna jamaa kaniambia huyo Mamdani akiwa mbunge aligoma kula siku nyingi. Mbunge agome kula?? Kwa ajili ya nani? Au ni stori za simu tu.*

Sio stori, ni kweli, siku 15. Hii ntaijibu kwa kirefu maana wewe utaielewa kuliko wengine wote humu.

Ilikuwa kwa ajili ya madereva wa taksi za njano. Na taksi hapa usifikirie kamunye ya abiria wengi, ni ile ya kukodi peke yako, sisi tunaita speshol. New York huwezi kuweka gari njano barabarani hivi hivi, lazima uwe na kibati, kipande cha chuma kinachofungwa juu ya boneti ya gari, chenye namba. Serikali ya mji ilitoa vibati vya kuhesabu, ikavipiga mnada, na kwa sababu ni vichache vikawa vinapanda bei kama viwanja vya Kololo. Kufikia 2014 kibati kimoja, kipande cha chuma ndugu yangu, kilikuwa kimefika dola milioni moja. Waliokuwa wanavinunua wengi ni wahamiaji, watu wa Bangladesh, Pakistani, India, Haiti, Afrika Magharibi, mtu ameendesha gari ya mwingine miaka ishirini anaambiwa kopa, nunua chako, hiki ndo pensheni yako. Wakakopa. Baadaye Uber, magari ya kuitwa kwa simu, ikaja ikajaza mji, bei ya kibati ikaporomoka, lakini deni halikuporomoka, deni likabaki palepale limekaa linamtazama mtu. Mwaka 2018 wako madereva waliojitoa uhai.

Wewe wa boda unajua. Mpwa wangu yuko Kawempe, alichukua pikipiki ya mkopo, kila wiki anapeleka hela, amepeleka mwaka na zaidi, akaanguka akavunjika mguu. Wiki sita zilikuwa zimebaki. Sita! Walikuja asubuhi vijana wawili na ufunguo wao wa akiba, hawakugombana na mtu, wakawasha wakaondoka nayo, na helmeti yake ilikuwa bado imening'inia kwenye usukani. Helmeti ilikuwa ya kwake. Mpaka leo akilewa anaongea habari ya helmeti, pikipiki haitaji.

Sasa rudi New York. Mamdani alikuwa hajamaliza hata mwaka bungeni. Oktoba 2021 madereva walishakaa nje ya ofisi kuu ya mji wiki nyingi wanapiga kelele hakuna anayesikia, wakaamua kugoma kula, na yeye akakaa nao kwenye viti, kwenye baridi, akagoma pia. Novemba 3 mji ukakubali. Mkopeshaji mkubwa alikubali kushusha madeni hadi dola 170,000 kwa kibati, mji ukasimama kuwa mdhamini, na malipo yakawa dola 1,122 kwa mwezi. Bado ni hela nyingi, lakini mtu aliyekuwa anadaiwa laki tano za dola alilala usingizi siku ile.

Ila nikwambie ukweli usije ukadhani mbunge ndo aliyefanya yote. Hapo hakupitisha sheria yoyote. Mji ndo ulikubali, na waliopigana miaka na miaka ni chama cha madereva wenyewe, yeye aliongeza uzito tu, na kamera zikaja maana mbunge anayeshinda njaa ni habari na dereva anayeshinda njaa sio habari. Na wako waliosema anatafuta jina. Inawezekana, mwanasiasa ni mwanasiasa. Lakini kabla ya siasa kazi yake pale Queens ilikuwa kushauri familia zinazokaribia kunyang'anywa nyumba kwa madeni, kwa hiyo mambo ya barua za benki hakuyajulia kwenye kampeni.

*Mimi sitaki jina, niko Mbale. Huyo mtu ni Mhindi, aliondoka hapa mtoto wa miaka mitano, sasa mbona mnajipendekeza kwake ati ni wetu? Mtu wa kupita tu.*

Kweli aliondoka na miaka mitano, wakaenda Cape Town, na miaka saba akaingia New York. Lakini baba yake, profesa Mahmood Mamdani, amekulia Kampala, mwaka 1972 akafukuzwa na Amin pamoja na Wahindi wenzake kwa zile siku 90, na akarudi. Alifundisha Makerere, na kuanzia 2010 mpaka 2022 aliongoza taasisi ya utafiti wa jamii palepale mlimani. Mtu anafukuzwa anarudi mwenyewe, sisi wengine hapa tukipata viza tu haturudi. Mama yake Mira Nair ndo aliyetengeneza ile filamu ya binti wa Katwe mcheza chesi. Na Zohran mwenyewe jina lake la katikati ni Kwame, la Nkrumah, alikuja hapa akiwa kijana akarap na mwenzake wa Kampala anayeitwa HAB, wakaimba mpaka chapati. Julai 2025 alirudi kusherehekea harusi, Buziga hapo. Mimi nina jirani amezaliwa Kibuye hajawahi kutoka na chapati hajui kuikanda. Tumpime nani kwa nani?

Hayo ya Mhindi nakuachia mwenyewe ndugu yangu, hapa tulishayafanya mara moja na tunakumbuka maduka yalivyokuwa baadaye.

*Shikamoo, mimi mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano) Arua. Swali: kijana kama yule alipataje kiti bila kujulikana, je lazima uwe na A-level kama hapa, na je anaweza kuwa rais wa Amerika?*

Marahaba mwanangu. Rais hawezi, katiba yao inataka aliyezaliwa raia wa Marekani, na yeye uraia kaupata 2018. Ugavana anaweza. Obama ndo alipenya maana alizaliwa Hawaii, na yeye pia alianzia bunge la jimbo, Seneti ya Illinois kuanzia 1997 hadi 2004, katikati hapo mwaka 2000 akajaribu kwenda Washington akapigwa vibaya kwenye praimari, yaani kura za mchujo ndani ya chama. Hiyo watu huwa wanaisahau.

A-level haihitajiki, wala shule yoyote haitajwi, ni uraia na kuishi pale tu. Kiti alikipata kwenye praimari ya chama cha Democratic Juni 23, 2020, na mtaa wa vile ukishashinda praimari uchaguzi wenyewe ni kusaini tu, kama sehemu fulani fulani za hapa nchini ambazo sizitaji. Hela ya fomu kama milioni tatu zetu hakuna, unatakiwa saini za wakazi, kawaida 500. Akiwa na miaka 28 akamtoa mama Aravella Simotas aliyekuwa amekalia kile kiti muda mrefu, kwa kura mia nne na ushei tu, na kwa sababu ilikuwa Korona kura nyingi zilipigwa kwa posta, wakahesabu karibu mwezi mzima. Mwezi, na hakuna aliyezima intaneti.

*Afande mstaafu, Masindi. Mimi napenda matokeo sio maneno. Miaka mitano bungeni alipitisha sheria ngapi?*

Afande, chache. Zile zenye jina lake la kwanza juu unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kidole kinabaki. Wapinzani waliipiga sana hiyo ngoma mwaka 2025 na hawakusema uongo.

Lakini wewe umekaa jeshini unajua private hatoi amri. Asembli ya Albany ni ya spika. Kila kikao miswada inaingizwa maelfu, inatupwa kwenye kamati, mingi inafia humo bila hata kusomwa kwa sauti, na spika asipotaka kitu kifike ukumbini hakifiki. Mbunge mdogo, tena wa mrengo wa kushoto kabisa kama yule, wa kundi la wasoshalisti ndani ya Democratic, anafanya nini? Anadandia bajeti. Bajeti ndo lori kubwa linaloondoka kila mwaka, mwaka wao wa fedha unaanza Aprili 1, na kila mtu anajaribu kurushia mzigo wake juu kabla halijaondoka. Yeye na seneta wa upande wake Michael Gianaris wakafanikiwa kurusha mmoja: mabasi ya bure. Njia tano, moja kila sehemu ya mji, kuanzia Septemba 2023 hadi Agosti 2024 hulipi kitu. Abiria siku za kazi wakaongezeka kama asilimia 30. Mwaka uliofuata mzigo haukupanda lori tena, njia zikarudi kulipisha, basi.

Kwa hiyo ukiniuliza kama alikuwa mtunga sheria hodari ntakwambia wastani. Alikuwa hodari wa kukaa na watu walipo, nje ya ofisi kuu ya mji, kwenye steji ya basi, kwenye ngazi za nyumba, na hicho ndo kilimpa ushindi wa Novemba 4, 2025 dhidi ya Andrew Cuomo aliyekuwa gavana mzima wa jimbo lile. Hata mimi nimewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mbunge mmoja, simtaji, siku mbili na bahasha yangu mkononi, wa kwanza kunisalimia alikuwa askari wa getini, na kura yangu ilienda kwa huyo askari angegombea.

Na cha kuchekesha afande ni hiki. Alivyoapishwa umeya Januari 1, 2026 alidhani amehama Albany. Mji ule hauwezi kupandisha kodi ya mapato bila bunge la jimbo kukubali, mabasi yenyewe yako chini ya shirika la jimbo, pango vilevile sheria yake iko kule. Kila mwaka meya wa New York anapanda kwenda kukaa mbele ya kamati za bajeti na kueleza shida zake, na wenyewe wale wana jina la siku hiyo, wanaiita siku ya kikombe cha bati, kile cha ombaomba. Wanaomsikiliza ni walewale aliokuwa anakaa nao ukumbini, na spika ni yuleyule.